Usiwashe Makaa Ndani, Baraka

Siku hiyo naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Mvua ya mawe ilishuka Kisugu mchana, mabati yakapiga kelele hata sikuisikia sauti yangu mwenyewe, na baridi ikaingia chumbani kwa kila tundu. Wewe ulikuwa mchanga, una mafua, kifua kinakoroma, unalia tangu asubuhi. Baba yako alikuwa sokoni Kikuubo akibeba mizigo ya wenye maduka. Mimi nilikuwa msichana wa milimani kule Kongo, mgeni wa Kampala, na nilijiona bingwa wa baridi kwa sababu nilizaliwa kwenye baridi.

Nakuandikia habari hizi kabla hata sijanywa chai, kwa sababu ya ujumbe wako wa sauti. Nimeurudia tena na tena. Unasema huko mliko majira yanageuka, wametangaza kwamba leo jioni baridi itashuka vibaya na theluji itaanguka. Mashine ya kupasha nyumba joto imekufa na mwenye nyumba hajaonekana. Halafu unacheka. Usijali mama, unasema, nimenunua makaa na jiko la kuchomea nyama, nitaliweka katikati ya chumba, nizibe madirisha, tulale vizuri mimi na Neema na mtoto, kama kwetu Kisugu. Nimekupigia, simu haishikwi. Najua uko kazini. Basi soma, na usome mpaka mwisho, usiruke kama unavyoruka mahubiri ninayokutumia.

Kwetu Kisugu jiko linakaa nje mlangoni, Baraka. Liliingia ndani siku hiyo tu.

Kule milimani nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya miti na nyasi. Moto uliwaka katikati, moshi ukapenya paa ukaenda zake, nasi tukalala salama. Sikujua kwamba ile nyumba ilikuwa inapumua. Chumba chetu cha Kisugu kilikuwa cha matofali na saruji. Nikaingiza jiko la makaa, mbabula kama tunavyosema sisi, sigiri kama wanavyosema hapa. Makaa yalikuwa mekundu, hayatoi moshi, nikafurahi. Nikaziba vitundu vya hewa juu ya mlango kwa kitenge kikuukuu, nikasukumia gunia chini ya mlango. Joto likaja, tamu kweli. Ukanyamaza. Nikasema, asante Mungu, mtoto amepata usingizi.

Kichwa kikaanza kuniuma, magoti yakalegea. Nilidhani ni uchovu wa kunyonyesha, nikajilaza karibu nawe. Hapa nataka unielewe: sikuhisi hatari yoyote. Hapakuwa na moshi wa kunikohoza wala harufu ya kunishtua, maana sumu ya makaa haionekani. Nilikuwa nakufa, na nilijisikia vizuri.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa Kiacholi, mke wa polisi, tukimwita Mama Okello. Sauti yake kubwa, na hakuna jambo la pale uani lisilomhusu. Nilikuwa namkwepa. Asubuhi hiyohiyo, mawingu yalipoanza kukusanyika, alikuwa ameniambia nikuchukue tukakae kwake mpaka mvua ipite, maana kwake walikuwa wengi na chumba kina joto la watu. Nikamjibu kwamba sisi tuko sawa. Sikutaka ajue kwamba hatuna hata blanketi la pili. Sasa alisikia kimya upande wa pili wa ukuta, na kimya hicho hakikumpendeza.

"Mama mtoto! Fungua mulango! Hii mtoto inalia toka asubuhi, sasa inanyamaza namna gani?"

Nilimsikia. Nilitaka kujibu, ulimi ukakataa. Nilitaka kuinuka, mwili ukawa si wangu. Nilikuona umelala, midomo imebadilika rangi, na sikuweza hata kunyoosha mkono nikuguse. Mwanangu, hofu ile sijaipata tena maishani, na mimi nimekimbia vita. Alipiga mlango teke, akaupiga tena, komeo likang'oka. Alikunyakua wewe kwanza, akakutoa nje, akakulaza chini ya upenu wake, kisha akarudi akaniburuta mimi kwa mkono.

Ulikuwa umelegea. Alikusugua mgongo, akakupulizia usoni, akamwita Mungu kwa Kiacholi. Mimi nilikaa matopeni natapika huku nakutazama, na wewe hulii. Hulii tu. Kisha ukalia, sauti mbaya ya kukwaruza, na mpaka leo sijasikia iliyo nzuri kuliko hiyo.

Ndipo akanigeukia. "Unafunga nyumba, unaweka sigiri ndani? Askari mwenzake ya bwana yangu alilala nayo kwa kibanda ya ulinzi. Asubuhi hakuamuka. Na moshi haikukuwa!"

Nikasema niliogopa baridi.

"Baridi? Si mimi niko hapa, ukuta moja tu? Si nilikuita? Mbona hukukuja?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliona aibu.

Alijipangusa mvua usoni. "Haya," akasema. "Ungezika mtoto na hiyo aibu yako."

Juzi nilikuuliza kama mna majirani. Ukasema ghorofa ya chini yupo mzee na mke wake, wanawasalimia vizuri, lakini hutaki kuwasumbua, wasije wakasema wakimbizi hawa wameanza kuomba. Maneno hayo yananitisha kuliko makaa yenyewe.

Kwa hiyo sikiliza. Makaa hayo yatoe nje ya nyumba leo, kabla giza halijaingia. Usiyawashe jikoni, usiyawashe ukiwa umeacha dirisha wazi kidogo, usiyawashe hata kwa dakika chache ukikaa hapohapo kuyalinda. Ukiona kichwa kinauma na mtoto amenyamaza kupita kawaida, toka naye kwanza, maswali baadaye. Mpigie mwenye nyumba mpaka akuchoke. Kisha mbebe mtoto, mchukue Neema, mshuke chini mkabishe kwa wale wazee, na useme wazi: nyumba yetu ina baridi, tunaomba kulala kwenu. Wakikataa, bisha kwingine. Wakikucheka, wakucheke. Usione haya, mwanangu, mtu aliye hai anaweza kuvumilia kuchekwa.

Mungu akulainishie ulimi wako mgumu, ambao najua umeutoa kwangu. Awape wale wazee moyo wa kufungua. Na kesho asubuhi awaamshe wote watatu.