Mkilua wa Bustanini

Jirani kanipita mlangoni na ua la kilua pindoni mwa kanga. Harufu ile iliponifika, nikajikuta nimekaa chini.

Mie sikusoma, lakini miti ya bustani ya Waingereza alikofanya kazi baba naikumbuka yote kwa jina: mvule, msandarusi, mtondoo. Mkilua ulikuwa mmoja tu. Baba aliung'oa na udongo wake pale msitu wa nyuma ya kwetu Chang'ombe ulipofyekwa, akaupanda kule usije ukapotea. Mwaka ule ulitoa maua matatu.

Mama alikuwa kitandani, hali wala hanywi. Akaniambia, "Nenda kamwombe baba yako kilua kimoja, ninuse."

Nikaenda kwa miguu. Baba akayatazama maua, kisha akanitazama mie. "Nikichuma, mbegu nitapata wapi, mwanangu? Mwambie avumilie. Yakishazaa nitampandia mwingine uani kwake."

Mama alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. "Haya. Mke mwenzangu huyo kanishinda."

Tulimzika siku ya tatu, alasiri.

Baba aliporudi kazini alikuta maua yote yameanguka, hayakuacha hata tunda moja. Akayaokota, akaja nayo nyumbani ndani ya kofia yake. Yalikuwa yamesinyaa, lakini yananukia bado. Akainama, akaninyooshea ile kofia.

Mie nikaficha mikono nyuma. Akabaki ameinama vilevile, mpaka shangazi alipokuja akamshika mkono, akamwinua.