Kifungu Walichokifuta

Fundi Vifungo, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa kuamini watu. Alipoamua kufungua karakana ya ushonaji na wifi yake, dada wa mumewe, hawakuwa na mtaji hata wa pazia la mlangoni. Fundi alileta cherehani aliyoachiwa na marehemu mama yake. Wifi alileta mdomo, na mdomo ule, tuseme haki, ungeweza kumuuzia kinyozi chanuo chake mwenyewe.

Walitaka mambo ya kisheria, wakaenda kwa wakili. Akawaandikia mkataba: nusu kwa nusu, vifaa vyote ni mali ya biashara, na hakitoki kitu bila wote wawili kukubali. Kifungu cha mwisho kilisema mmoja akiacha kazi, nusu yake inamrudia mwenzake, na kila mtu anachukua alicholeta.

"Hicho kifute," fundi alisema. "Huyu ni wifi yangu. Unatutabiria mabaya hata pindo hatujashona?"

Wakili akamtazama, akakipiga mstari. Wote wawili wakatia sahihi pembeni.

Mwaka haukuisha, wifi akapata kazi ya ofisini. Mdomo ukaondoka, nusu ikabaki. Fundi alishona peke yake mpaka vidole vikafa ganzi. Ndipo shule moja ikamwita awe fundi wake wa sare, mradi aende na cherehani yake. Kwa furaha alicheka peke yake, akampigia wifi.

"Nenda tu, wifi yangu, nani kakuzuia? Ila cherehani ni ya biashara, na mimi sijakubali itoke."

Mumewe alisema haingilii ya dada na mke. Wakili alimwonyesha tu ule mstari na sahihi yake. Fundi alimchukia wakili, akajichukia mwenyewe zaidi. Shule ikapata fundi mwingine.

Jumamosi wifi alikuja karakanani na kitambaa kizuri, akasimama mbele ya kioo na kuinua mikono.

"Ibane kidogo kiunoni. Bei usinitajie, mtu halipi dukani kwake."

Fundi alipiga magoti, pini mdomoni, akampima. Kisha akakaa kwenye cherehani ya mama yake, akaanza kumshonea.