Mwezi Nilipowekwa Ndani

Kazi yangu ni kuchapa na kusahihisha maneno ya watu wengine. Mimi na mdogo wangu tuna steshenari Morogoro mjini, na kuanzia asubuhi mpaka jioni nachapa tafiti za wanafunzi wa chuo, barua za kuomba kazi, kadi za harusi, historia za marehemu. Nikiona kosa mkono unaniwasha. Hata mabango ya barabarani nayasahihisha kimoyomoyo huku midomo inacheza, watu wanadhani nasali. Lakini katika maneno yote yaliyopita mikononi mwangu, hapakuwa na langu hata moja, na jambo hilo lilikuwa limeanza kuniuma vibaya.

Ndipo dada mmoja, mteja wetu, akaniingiza kwenye kundi lake la WhatsApp. Novemba nzima kila mwanakundi anaandika riwaya yake ya kwanza, na mwezi ukiisha riwaya iwe imeisha. Sharti lilikuwa moja tu: usirudi nyuma kusahihisha. Andika, songa mbele, hata kama unaandika takataka. Nilicheka. Riwaya nimeianza mara nyingi maishani, na kila mara nimefia ukurasa wa kwanza, nikiupiga pasi mpaka unaungua. Nikajiapiza kwamba mara hii ikinishinda, basi, nitachapa vya wenzangu mpaka nizeeke na sitalitaja tena jambo hili.

Mjini isingewezekana, mlango wa duka haufungiki. Nikamwachia mdogo wangu funguo, nikabeba kompyuta, nikapanda milima ya Uluguru mpaka Mgeta kwa bibi yetu, mama yake mama.

Mgeta mwezi wa Novemba sijui kama ni mahali au ni usingizi. Ukungu unapanda kutoka mabondeni taratibu, unameza matuta ya kabichi, unameza njia, unaingia mpaka dirishani na kukaa nawe kitandani. Unasikia maji yanatembea lakini huyaoni. Unasikia mtu anakohoa kwenye mteremko wa ng'ambo, karibu kabisa, na ukimtafuta humpati. Kengele ya misheni ikilia, sauti inafika imelowa. Siku ya kwanza tu nilisahau ni Jumatatu au Jumanne, nikaona raha ajabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huyo mume wetu hakulishi?"

Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, mke mwenzangu, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Babu alishafariki zamani, ila utani wake bibi hakuuzika.

Nikamweleza shida yangu. "Bibi, nimekuja kukaa ndani mwezi mzima. Sitaki kuonana na watu. Kuna kazi najifunza, na mpaka mwezi uishe sitoki."

Akaweka sufuria chini. "Na nani anakufunda?"

"Kuna dada anatuongoza, yuko kwenye simu."

"Kungwi wa kwenye simu!" Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Makubwa! Haya, ingia."

Nilidhani tumeelewana. Kesho yake nikaamka nikakuta chumba changu kimetundikwa pazia zito mlangoni, na kule uani sauti za wanawake zimeshushwa kama kuna mgonjwa. Jirani, mama mmoja mnene anayelima kabichi na karoti ng'ambo ya korongo, alikuwa ameleta viazi. Nikamsikia anauliza: "Mwali ameamkaje?"

Toba! Kwetu Uluguruni msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Haonekani nje, hapazi sauti, chakula analetewa, na kungwi anamfunda mambo ya utu uzima. Siku zikitimia anatolewa kwa ngoma, amepakwa mafuta na kubebwa juujuu, ili kila mtu amwone kwamba aliyeingia mtoto ametoka mtu mzima. Mimi mwenyewe sikuchezwa ngoma hiyo. Nimekulia mjini, na mama yangu hata kulisikia jambo hilo hakutaka. Ukilitaja alibadilisha mazungumzo. Sasa nina miaka arobaini na ushee, mwanangu yuko chuo, mvi nazipaka rangi, eti mwali!

Nikafungua pazia nimsahihishe yule mama. Bibi akaniwahi, akanifinya paja, tena akanifinya kweli.

"Mwali hajibu," akasema. "Rudi ndani."

Mpaka leo sijui kama bibi alikosea au alijifanya tu amekosea. Nilirudi ndani nimefura, nikafungua kompyuta, nikaandika kwa hasira mpaka adhuhuri. Na niseme ukweli, kuwa mwali kunafaa sana kwa mwandishi. Hakuna aliyeniita nikachambue mboga. Uji unaingia chini ya pazia, maharage yanaingia chini ya pazia, mara nyingine matunda ya plamsi mawili matatu, machachu, yamelowa mvua. Bibi alikuwa na paneli ndogo ya sola ya kuchajia simu. Jua likitoka kidogo tunachaji kompyuta, lisipotoka naandika kwa kalamu. Nikichoka nalala, nikiota naota ukungu uleule, nikiamka siwezi kutenganisha. Kuna siku nilikuta nimeandika kurasa nzima na sikumbuki kuziandika.

Kila jioni bibi alikaa nje ya pazia na rozari yake. Akimaliza kusali anauliza: "Umefika wapi?"

"Msichana wangu amenunua gari, bibi."

"Gari la nini?"

"La kutembelea."

"Anakwenda wapi nalo?"

Hapo ndipo nilipokuwa nakwama. Riwaya yangu ilikuwa ya msichana tajiri wa Dar es Salaam, anayeishi kwenye ghorofa, anayekunywa kahawa ambayo mimi ladha yake siijui. Nilikuwa nimemtengeneza kutokana na kadi za harusi nilizochapa. Kwa kuwa sharti lilikataza kusahihisha, nilimsukuma mbele hivyohivyo, na kila nilivyomsukuma ndivyo alivyozidi kuwa mtu wa karatasi. Ilipofika wiki ya tatu hakutaka tena hata kuinuka kitini. Nilikaa naye siku nzima, mimi kwenye kigoda na yeye kwenye sofa yake, hakuna anayesema na mwenzake. Nilijichukia, acha tu.

Katikati ya hali hiyo simu ikadaka mtandao pale dirishani, mdogo wangu akapatikana. "Dada, nimeelemewa. Wanafunzi wote wanawasilisha tafiti wiki hii, foleni imefika nje. Rudi, tafadhali." Alikuwa anakaribia kulia. Nami, badala ya kusikitika, moyo ukanirukaruka kwa furaha. Nimepata sababu! Hakuna atakayesema nimeshindwa; watasema kazi ilinizidi.

Nikafunga begi. Alfajiri ile fuso la kabichi lilikuwa linateremka mjini, na njia ya mkato kwenda barabarani inaanzia mlango wa nyuma, pale jikoni. Nikajifunika kanga kichwani kwa ajili ya manyunyu, nikanyata. Nilipanga kumpigia bibi nikishafika.

Alikuwa amekaa pale pale mlangoni, kwenye kigoda, amejikunja kwa baridi.

"Unakwenda wapi?"

"Bibi, kazi imenifuata. Nitarudi Krismasi."

"Mama yako naye alisema hivyohivyo," akasema. "Na alikuwa amejifunika hivyohivyo."

Mama yangu alifariki miaka kadhaa iliyopita, na habari za usichana wake sikuwahi kuzisikia. Alikuwa mtu wa kufunga midomo. Nikaweka begi chini. Bibi akanieleza akitazama mafiga, si mimi.

Mama aliwekwa ndani katika chumba kilekile nilichokuwa naandikia. Alikaa, akafundwa, pombe ikapikwa, wapiga ngoma wakaambiwa, zikabaki siku chache tu atolewe. Ndipo habari zikapanda mlima kwamba amechaguliwa kwenda sekondari, mbali, na wenzake wanaondoka kesho. Mwali ambaye hajatolewa hapiti mlango wa mbele watu wakamwona. Lakini lori halingoji. Basi bibi mwenyewe alimfunika kanga, akamtoa kwa mlango wa jikoni kukiwa bado giza, akampandisha juu ya kabichi. Akamwahidi kwamba likizo ataingizwa tena ndani, kisha atatolewa kama inavyopasa.

"Likizo alikuja amevaa viatu," bibi alisema. "Hakutaka tena. Mimi siilaumu shule, shule ilikuwa bahati. Na yeye simlaumu. Lakini ile ngoma ilibaki miguuni mwangu. Miaka yote hii ipo, inaniuma kuliko magoti. Alipokuja kurudi moja kwa moja, alipita mlango wa mbele akiwa ndani ya jeneza. Mwanangu mimi sikumtoa. Nilimpokea tu."

Nilimwona mama yangu, yule mama mkali wa kufunga midomo, msichana mdogo juu ya kabichi, kanga imelowa, hajui kama yeye ni mtoto au mtu mzima kwa sababu hakuna aliyempigia ngoma kumwambia. Nikaangua kilio pale jikoni. Kule barabarani fuso likapiga honi, likasubiri kidogo, likaondoka.

"Mimi sikukatazi kwenda," bibi akasema. "Nakuomba tu usipite mlango huu."

Nilimtumia mdogo wangu ujumbe amtafute binti wa kumsaidia, nikamwomba radhi, nikazima simu. Nikarudi nyuma ya pazia. Yule msichana wa Dar nilimwacha kwenye sofa yake, sikumfuta, sharti ni sharti. Nilianza tu sura mpya: mwali juu ya kabichi, lori linateremka, ukungu. Sikumsukuma tena. Ilikuwa ni kazi yangu kumfuata nyuma mbio. Nilimsikia akinuka udongo na majani, nikajua anachokiogopa. Bibi akiuliza jioni "umefika wapi?" namwambia, naye anasema, "Pale darajani kulikuwa na mvua," au, "Alibeba magimbi." Kama anakumbuka au anaota pamoja nami, sikuuliza.

Mwezi ulipobakiza siku yake ya mwisho nilikuwa nimemzungusha dunia na kumrudisha nyumbani, mwanamke mtu mzima, yuko hai, amesimama ndani ya chumba chake cha zamani anangoja kutolewa. Ukurasa wa mwisho ukakataa. Nikamwambia bibi nyuma ya pazia: "Nimekwama. Sijui mwali anatolewaje. Sijawahi kuona."

"Utaona kesho," akasema.

Asubuhi wakaingia wanawake, yule jirani mbele, wakanipaka mafuta ya nazi mpaka masikioni. Nikafunikwa kanga mpya iliyokunjwa miaka mingi mpaka mikunjo yake imegeuka mistari. Sikuuliza ilinunuliwa kwa ajili ya nani. Jirani akainama mbele yangu.

"Panda."

"Mama wee, nitakuvunja mgongo."

"Nimebeba matenga ya kabichi kwenye mlima huu tangu nina akili. Wewe ndiye utakayenishinda? Panda, mwali mzee."

Vicheko vikajaa chumba. Nikapanda, nimeinamisha macho kama nilivyoagizwa, huku nacheka. Tukapita mlango wa mbele. Ngoma zilikuwa mbili tu, na wapigaji wake wazee, na vigelegele vikaingia kwenye ukungu na kurudi kutoka mabonde yote, ungedhani Uluguru nzima imekuja. Wakanisimamisha katikati ya uwanja. Bibi, asiyekosa misa, ambaye hata kwenda kisimani anasaidiwa, akampa mtu fimbo yake, akaanza kucheza.

Alicheza taratibu, chini chini, macho ameyafumba. Hakuna aliyethubutu kumshika. Uso ulikuwa umelowa, sijui ni manyunyu au nini. Nami nikauona ule ukurasa wa mwisho wote, kila neno lake, na jioni ile niliuandika nikiwa bado nimejifunga ileile kanga. Sikugusa hata nukta.

Ngoma ilipokoma, bibi akanijia. Akanifunua kanga usoni kwa mikono miwili, akanipangusa mafuta yaliyokuwa yananitiririkia machoni. Nilingoja utani wake. Miaka yangu yote hajawahi kuniita kwa neno jingine.

"Mwanangu," akasema, na akalitaja jina la mama yangu. "Umetoka sasa. Watu wote wamekuona."

Sikumsahihisha.