Nilimtangaza shangazi yangu redioni bila kumuuliza

Admin, naomba ufiche jina langu na la kijiji chetu, maana huku karibu kila mtu anafuata hii page.

Mimi ni msichana wa miaka 21, natoka upande wa Gachoka. Nimepata nafasi ya kusomea uandishi wa habari katika chuo kimoja huko Embu na tunaripoti wiki ijayo. Sijawahi kutaka kazi nyingine. Nikiwa mdogo nilikuwa nashika gunzi la mahindi kama maikrofoni, nawahoji mbuzi wa baba.

Mwaka jana nilianza kupigia simu kituo fulani cha redio kinachotangaza kwa lugha yetu. Niliwapa habari za kwetu: kisima kimeharibika, kivuko kimebebwa na maji. Mtangazaji akawa ananiita "ripota wetu". Watu walinisimamisha sokoni kuniambia wamenisikia, na baba hakuwa anakubali mtu aguse redio saa yangu ikifika.

Sasa, dispensari yetu ilikuwa na nesi mmoja tu, na huyo nesi ni dada ya baba. Sisi tunamwita Tata. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, na Tata ndiye alinilea. Hana mtoto wake.

Siku moja nilipita hapo nikapata akina mama wamekaa nje na watoto wagonjwa, mlango una kufuli. Mzee mmoja alikuwa amelala chini kwenye kivuli, hawezi hata kuinua kichwa. Nikauliza kuna nini.

"Hii ni wiki ya tatu," mama mmoja akasema. "Jumanne na Ijumaa hatumwoni. Na wewe si ni ripota? Ama unanyamaza kwa sababu ni wa kwenu?"

Hayo maneno yalinichoma. Nilijiambia mwanahabari wa kweli hachagui ndugu. Nikapiga simu nikiwa hapo hapo, nikaeleza yote hewani, na jina lake nikalitaja. Wale akina mama walinipigia makofi.

Haikupita wiki, wakubwa wa afya wakaja na gari. Tata akasimamishwa kazi, dispensari ikafungwa, na mpaka leo hakuna nesi mwingine ameletwa. Wale wale walionipigia makofi sasa wanabeba watoto mgongoni mpaka Gachoka.

Nilienda kwa Tata nikiwa nimejipanga na maneno yangu ya haki za wananchi. Nilimkuta kitandani, miguu imevimba. Ni figo. Hizo Jumanne na Ijumaa alikuwa anaenda Embu kusafishwa damu. Alikuwa amemficha kila mtu, hata baba, akiogopa ataambiwa aache kazi. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Mwanangu, nambari yangu unayo. Kwa nini hukunipigia?"

Nilipigia redio nikaomba nirudi hewani nieleze upande wake. Nikaambiwa, "Hiyo stori ilishakufa. Tuletee ingine." Tangu hapo sijawapigia.

Sasa naishi kama mgeni kwetu. Baba anakula, anaweka sahani chini, anatoka bila neno. Nikifika kisimani wanawake wanaambiana, "Nyamazeni, redio imefika." Msimu huu ndengu nilipura peke yangu siku mbili, na zamani wasichana wenzangu walikuwa wanakuja tunapura tukiimba. Yule mama aliyeniuliza kama nanyamaza kwa sababu ni wa kwetu anaapa hakuniambia kitu. Kuna siku inaisha sijasikia sauti yangu mwenyewe.

Mtu pekee anayeongea na mimi ni Tata, yule niliyemharibia. Siku za kwenda Embu mimi ndiye namsindikiza. Ijumaa iliyopita, akiwa amelala huku ile mashine inasafisha damu yake, alinishika mkono akasema, "Hiyo shule nenda. Lakini kama unaenda ili unikimbie mimi, na hao watu, kaa nyumbani." Nikaangalia chini, machozi yakanitoka, kwa sababu sijui naenda kwa nini.

Nyinyi mnaosoma hii, na hasa mlio kwa kazi ya habari, sitaki mniambie pole. Wale wagonjwa walikuwa pale kweli, mlango ulifungwa kweli, sikusema uongo hata kidogo. Na bado nilimkosea mtu aliyenilea. Mtu aliyeanza hivi anafaa kupewa maikrofoni tena? Niende chuo, ama hii kazi niwaachie wenye moyo wa kuuliza kwanza? Niambieni bila kunihurumia. Nitasoma kila jibu, maana hapa nyumbani hakuna wa kunijibu.