Ng'ombe wa Bibi Walioko Haneti

Nilikuwa msichana mwenye mdomo, na nilidhani ukweli ni dawa ya kila kitu. Kila jioni mifugo ilipoingia zizini, bibi mzaa baba alianza kutetemeka. Aliwatazama ng'ombe wetu wanne akashika kichwa. "Wengine wako wapi? Wamepotea!" Kisha aliokota fimbo aende porini kuwatafuta. Fisi walikuwa wengi, na baba alikuwa mbali, akiwafanyia Wajerumani kazi ya reli.

"Bibi, walikufa kwa ugonjwa wa sotoka kabla sijazaliwa," nikamwambia. Akaanguka chini, akalia kilio cha msiba. Kesho yake aliuliza tena, nikamjibu vilevile, akalia upya. Siku nne mfululizo nilimuulia ng'ombe walewale. Naona aibu hadi leo.

Mama akanivuta nyuma ya nyumba yetu ya tembe. "Umemaliza? Sasa nyamaza."

Sisi Wagogo hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Wengine tunawapeleka kwa rafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga hapa, mbegu ibaki kule. Mama akamwendea bibi. "Mama, umesahau? Wako Haneti, kwa rafiki wa mzee. Kule nyasi ni nyingi."

Bibi akatulia. Lakini asubuhi tulimkuta mlangoni na fimbo: anakwenda Haneti! Mimi ningemfungia ndani. Mama alichukua fimbo yake mwenyewe, akasema, "Twende." Walitembea polepole, mama akiuliza habari za kila ng'ombe: mwenye baka, mwenye pembe iliyopinda, yule wa maziwa mengi. Bibi alieleza mpaka miguu ikachoka, akasema mwenyewe, "Turudi, tutakwenda kesho." Na kesho wakaenda tena. Ilikuwa hivyo misimu miwili, na shamba la uwele lilikuwa likingoja kupaliliwa.

Majirani walishangaa, maana bibi hakuwahi kumpenda mama. Alimwita mvivu tangu alipoolewa, na siku moja aliumwaga uji aliopika mama mbele ya wageni. Mama naye hakuwa malaika. Alinung'unika jikoni, nilimsikia. Lakini fimbo ilipookotwa, yeye ndiye aliyesimama.

Jioni moja bibi alinishika mkono, akamnyooshea mama kidevu. "Mwanamke yule ni nani?"

Ulimi uliniwasha, nikauzuia. "Kwani vipi, bibi?"

"Simjui, wala kwao sikujui. Lakini nikiwa naye, siogopi."

Mama alikuwa anasonga ugali hapo karibu. Aliacha mwiko, akaja akaketi kando yake, akalia.