Bibi Ida Yu Hai

Tausi Omary alizaliwa Makambako, nyuma ya gereji alikokuwa akilala baba yake, dereva wa lori aliyetoka Singida na kunogewa na baridi ya huku. Baba huyo alipofariki, magazeti ya Dar es Salaam hayakuandika hata mstari. Tausi, wakati huo akiendesha duka la vifaa vya shule, alisema, "Basi tutaandika wenyewe."

Ndivyo lilivyoanza gazeti la Upepo: kurasa nne, mara moja kwa mwezi, linachapwa dukani kwake na kusafirishwa kwa mabasi hadi Njombe na Makete. Bei ya mbolea imo, mechi za shule zimo, lakini watu huanzia ukurasa wa mwisho. Ukurasa huo, enzi hizo, uliitwa "Waliotangulia". Humo Tausi aliandika habari za marehemu wa kwetu: aliyefungua shule ya kwanza kijijini, fundi aliyejenga daraja la magogo. Aliwafuata wafiwa majumbani, akasikiliza hadi chai ikapoa.

Mwaka juzi alipata wazo la kuandika pia habari za walio hai. Akaanza na Bibi Ida Sanga, mkunga wa kijiji kimoja karibu na Matamba, ambaye masika moja barabara ilipokatika aliongoza wanaume kumbeba mzazi kwa machela, wakivuka matope hadi hospitali. Mama alipona, na mtoto pia. Tausi aliiandika habari hiyo vizuri kuliko zote. Ila alisahau kitu kimoja: kubadilisha kichwa cha ukurasa. Picha ya Bibi Ida ikatoka ndani ya fremu nyeusi, juu yake "Waliotangulia".

Asubuhi gazeti lilipofika Matamba, Frederick, muuza duka anayeliuza huko, alipiga simu.

"Dada Tausi, pole na msiba. Bibi Ida amefariki lini?"

"Msiba gani? Bibi mzima yule!"

"Mbona watu wameshaanza kwenda na kuni?"

Tausi alifunga duka. Angeweza kumwachia Frederick awatangazie watu, lakini kosa aliliona ni lake. Alipanda gari hadi Chimala, kisha akapanda mlima kwa pikipiki, kona baada ya kona, mikono imekufa ganzi, akiwaza atamtazamaje yule bibi usoni.

Alikuta uani pamejaa. Masufuria yako motoni, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na Bibi Ida mwenyewe yuko katikati juu ya kigoda, kajifunga blanketi. Tausi alipiga magoti.

"Shikamoo bibi. Nimekukosea sana. Nisamehe."

"Marahaba. Kaa hapo, usimkatize Jastin."

Jastin, mwanamume mwenye mvi, alikuwa akisimulia jinsi alivyozaliwa ghalani wakati mvua ikinyesha, na Bibi Ida alivyovua kitenge chake akamfunika nacho.

"Sijawahi kukushukuru, mama," alisema.

"Kumbe ulikuwa wewe!" Bibi Ida alisema. "Kile kitenge kilikuwa kipya."

Watu walicheka huku wengine wakifuta macho. Mmoja tu hakucheka, Kristofa, mdogo wake bibi. Aliona kumfanyia matanga mtu aliye hai ni kuita mauti, akataka kwanza waombe. Wakaomba. Tausi, Mwislamu peke yake pale uani, aliinamisha kichwa pamoja nao, kisha akapewa sahani ya viazi na maharage yaliyoletwa kwa ajili ya matanga.

Toleo lililofuata lilikuwa na herufi kubwa ukurasa wa kwanza: BIBI IDA YU HAI, na chini yake mhariri akaomba radhi. Wapo waliomcheka. Lakini simu ziliingia kutoka Njombe, kutoka Makete, watu wakitaka wazazi wao waandikwe wakiwa wanasikia. Siku hizi ukurasa unaitwa "Tulio Nao", na Tausi hachapi kitu kabla hajaenda kumsomea mhusika kwa sauti.

Mwezi uliopita alikuwa Kichiwa, akimsomea Mzee Nahumu habari za msitu alioupanda kwenye kilima kilichokuwa kitupu. Mzee alimwacha asome kidogo, kisha akainua mkono.

"Hapo ongeza jina la mke wangu, Consolata. Mimi nilichimba mashimo. Maji alibeba yeye."

Tausi alichomoa kalamu akaandika.