Mama wa Dirishani

Nilirudi Machakos nikiwa na damu ya mtoto nisiyemjua. Saratani ilikuwa imeharibu yangu, ndugu zangu wote wakapimwa na hakuna hata mmoja aliyelingana nami. Basi katika hospitali ya mbali, nchi ya watu, nikatundikiwa damu ya kitovu ambayo mama fulani aliitoa alipojifungua. Kifuko chenyewe kilikuwa kidogo hata nikadhani wananitania. Daktari akaeleza kwamba shida ya damu ya kitovu ndiyo hiyo: seli zake ni chache na hukawia kushika. Siku hizi huzizalisha kwanza maabarani ziongezeke, ndipo zimtoshe mtu mzima. Zangu zilizalishwa, zikashika. Ila kinga ya mwili, akasema, itakuja polepole, kama ya mtoto mchanga.

Kuisubiri ndiko kulikokuwa jela. Nisikanyage udongo, nisisogelee mbuzi wala kuku, nisile kisichopikwa, nisishikane mikono na mtu. Zaidi ya yote, nisikaribiane na mtoto wa chekechea mwenye kamasi. Huyo alikuwa binti yangu wa miaka mitatu.

Mume wangu akanipa chumba cha mbele, ambacho mlango na dirisha vyake vinatazama veranda, na mama yake akaja kutoka Mwala kulinda mlango. Alilinda haswa. Akina mama wa kanisa walikuja na maziwa ya kibuyu na maembe, wakitaka kuniwekea mikono.

"Mungu anasikia hata hapa veranda," Mwaitu akawaambia. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, hata mama mkwe.

Wakaomba wakiwa wamesimama juani, kisha wakakaa wakala maembe yangu. Nilicheka, halafu nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimechoka kuwa kitu cha kuangaliwa.

Jioni Mwaitu alimwombea yule mtoto wa ng'ambo. Jambo moja tu lilimsumbua.

"Sasa huyo mama, kitovu ya mtoto wake alizika wapi?"

Cha binti yangu Mwaitu mwenyewe alikizika Mwala, chini ya mgomba.

Binti yangu alizoea upesi kuliko mimi. Asubuhi alikuja na kiti chake cha plastiki, akapanda, akabandika kiganja kwenye kioo cha dirisha, nami nikabandika changu. Alinionyesha soksi mpya, jino linalouma, mende aliyekufa. Habari zake zikiisha aliondoka zake, na mimi nikabaki na alama ya kiganja ambayo sikuruhusu mtu aifute.

Siku moja alianguka kutoka kwenye kiti hicho akapasuka mdomo. Hakulia kwanza. Alinitazama. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, lakini kitasa hakikugeuka, kwa sababu Mwaitu alikuwa amekishika upande wa pili.

"Fungua, Mwaitu."

"Huyu amepasuka mdomo tu. Wewe ukishikwa na homa, nitamwambia nini?"

Nikamwambia maneno ambayo mke wa mtu hamwambii mama mkwe wake. Mkono mmoja ukiwa bado kitasani, alimvuta mtoto kwa mwingine, akampangusa damu kwa leso yake. Nilimchukia siku ile. Nilijua yuko sahihi, na kujua huko hakukunisaidia hata kidogo.

Miezi mingi baadaye daktari alisoma vipimo akasema sasa naweza kumbeba mtoto wangu. Mwaitu mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango. Nikachuchumaa verandani, nikanyoosha mikono.

Binti yangu, ambaye alikuwa anachimba kwenye maua, aliniangalia kuanzia miguuni. Akanizunguka, akapanda kiti chake, akagonga kioo.

"Si huyu ndiye mama?" Mwaitu akamuuliza.

"Mama ako huku ndani," akasema, akagonga tena.

Niliinuka nikarudi chumbani. Nikafunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe, nikasimama mahali pangu. Akacheka akabandika kiganja, nami nikabandika changu. Kisha kwa mkono wa pili nikasukuma kioo pembeni taratibu, mpaka kikatoka kati yetu. Kiganja chake kilikaa hewani kidogo, halafu kikapita katikati ya vyuma vya dirisha kikitafuta changu. Kilikuwa kimejaa udongo. Nikakishika hivyo hivyo.